Watoto wa Mbwa Kwenye Mzani wa Bucha

Jumanne, 4 Machi

Nimekanyaga! Pekupeku, asubuhi na mapema, mlangoni kwangu mwenyewe. Na kinyesi chenyewe kinacheza. Minyoo — myeupe, mirefu, inajikunjakunja. Kwa kelele niliyopiga wifi alidhani ni mwizi, akatoka jikoni na mwiko.

Nimemwita baba watoto aje aone. Ameona. Amekuna kidevu. Amesema watoto wa mbwa wote ndivyo walivyo, na ati yale matumbo ni shibe. Shibe! Watoto sita wa jike letu, mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama, matumbo ngoma — halafu shibe. Huyu ni muuza nyama tangu ujana wake. Anamjua mnyama ndani na nje. Akitaka kuona, anaona. Hataki tu.

Nimemwambia leo inunuliwe dawa ya minyoo. Amesema hewala. Hiyo hewala yake naijua. Anaitoa ili apate njia ya kutoka.

Mdogo wao wa mwisho ndiye ananitia wasiwasi. Tumemwita Kitumbo. Wenzake wakikimbilia sahani, yeye anafika wameshalamba mpaka chini. Basi anakuja kunilalia miguuni na kuhema. Hana kilio, hana ugomvi. Katika nyumba hii ndiye peke yake ambaye hajawahi kuniudhi.

Jumatano, 5 Machi

Hewala imezaa chupa. Kubwa, ya kahawia, imebaki nusu, na kibandiko kina picha ya ng'ombe! Kaichukua kwa kaka yake anayefuga. Kwa uso mkavu kabisa ananiambia dawa ya minyoo ni dawa ya minyoo, mnyoo haujui uko kwenye tumbo la nani. Wifi akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza ng'ombe ana uzito gani, na Kitumbo ana uzito gani. Akasema basi tunampa kijiko. Kijiko cha chai au cha kupakulia? Akasema mwanamke una maswali kama askari.

Nimemwambia airudishe chupa ya watu. Akasema hewala.

Jioni nimekwenda mwenyewe duka la dawa za mifugo. Muuzaji hata uso hakuinua, macho kwenye simu. Kanisukumia kidonge kimoja cha mbwa mkubwa — nikate vipande sita. Sita sawa? Kwa watoto wasiolingana? Akasema mama, kata kwa macho tu. Kwa macho! Nilimrudishia kidonge chake na maneno mawili matatu ambayo sitayaandika hapa. Kuna mteja alikuwa nyuma yangu, akaamua kurudi kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa daktari wa mifugo. Ni mbali, tena mlima, viatu vimenikata. Binti mdogo tu yule, lakini hatabasamu. Kabla sijakaa ameshanigombeza.

Wana umri gani? Wiki tano. Dawa ya kwanza walipata lini? Nikajifanya natafuta leso. Mimi! Natafuta leso!

Anasema walitakiwa kuanza wakiwa na wiki mbili. Minyoo wanaipata kwa mama yao, hata kabla hawajazaliwa, na kwenye maziwa wanaongezewa. Kwa hiyo wapewe dawa kila wiki mbili mpaka wafike miezi mitatu, na mama yao apewe pia, la sivyo ni kazi bure. Kinyesi kizolewe kila siku. Mikono ioshwe, maana mayai ya ile minyoo hayachagui, yanaingia hata kwa watoto wetu. Nikamkumbuka binti yangu anavyowabusu puani. Hasira zikanipanda upya. Shibe, eti!

Kanipa dawa ya maji, ya watoto wa mbwa hasa, na bomba dogo lisilo na sindano la kuwapa mdomoni. Kipimo ni kwa uzito. "Kila mmoja umpime peke yake, mama. Ukizidisha kwa mdogo utamdhuru. Ukipunguza kwa mkubwa, minyoo itakucheka."

Nikamtajia chupa ya ng'ombe. Akaweka kalamu chini. "Hiyo usithubutu. Hasa kwa huyo mdogo."

Nimerudi nimemweleza baba watoto yote, neno kwa neno, mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Wapimwe! Mmoja mmoja! Mzani wa jikoni sina, atajua yeye atakakoupata. Akasema usijali, mke wangu, hilo niachie. Safari hii hakusema hewala. Nalala na raha zangu.

Ijumaa, 7 Machi

Amewapima.

Kwenye bucha. Kwenye mzani wa nyama!

Sijui nimtukane kwa lugha gani. Alfajiri kawabeba wote sita ndani ya lile kreti jekundu la maini, kafungua mlango wa bucha nusu, kawaweka mmoja mmoja pale pale anapowekea watu nyama ya kitoweo. Ati alitandika gazeti. Ati aliusugua mzani kwa maji ya moto na sabuni, kabla na baada. Namwamini. Kwa usafi wa bucha mume wangu hana mpinzani, mpaka kucha zake anazikagua. Lakini nani alimwona akisugua?

Kilichoonwa ni kingine. Mwalimu wa chekechea, mteja wetu wa maini kila Ijumaa, alichungulia aone kama tumefungua. Akamkuta muuza nyama wake na aproni nyeupe, visu vimening'inia ukutani, kijibwa kiko mzanini. Hakusalimia. Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Baba watoto ananisimulia hayo kama mtu anayesimulia mvua. Uzito wa kila mmoja anao kichwani, hakosei hata kidogo. Lakini kreti limerudi na watoto watano. Kitumbo yuko wapi? Anasema alimwona dhaifu mno, akapita kumwacha kwa daktari, amelazwa.

Nimeshangaa. Nikamwambia wiki nzima hii leo ndiyo umefanya jambo la akili. Akaangalia chini. Nadhani ni haya.

Watano wamekunywa dawa. Mmoja ameitema yote kwenye gauni langu, nikampigia simu daktari kumuuliza, akasema usirudie kwa kukisia, subiri uone, akakata kabla sijamuulizia Kitumbo. Jike letu naye kapata yake. Nimenawa mpaka mikono imekunjamana.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi, na bucha tupu! Siku ambayo huwa tunawaomba watu wasisukumane. Paja zima la ng'ombe linaning'inia pale linatuangalia.

Wifi kayasikia bombani. Wameingia sita, wametoka watano. Hivyo ndivyo wanavyosema! Na kuna waliotia chumvi tayari: ndiyo maana ile nyama ya kusaga ya juzi ilikuwa laini. Juzi! Juzi hao mbwa walikuwa uani kwangu wananitapikia!

Nimesimama kizingitini nikasema kwa sauti anayetaka kujua aje aulize, si kunong'ona kama panya. Hakuja mtu. Nikamfuata mwalimu mpaka kwake. Anasema yeye hakusema tunauza mbwa, kasema alichokiona akiwa ng'ambo ya barabara: kreti lina sita, kisha linatoka na watano. Nikamwambia ulichokiona ni tiba! Akasema labda, lakini mtoto wa sita hajamwona akitoka. Kisha akaniuliza kwa upole kama mimi nimemwona.

Baba watoto amekaa kwenye kigogo chake cha kukatia, mikono magotini. Namwambia toka nje ujitetee, sema wa sita yuko kwa daktari! Anasema yatapita. Yatapita yaende wapi? Bucha hii ndiyo kula yetu, ndiyo shule ya binti, ndiyo kodi ya nyumba. Hatuna ya pili. Ikifa hii tumekufa nayo, na yeye anasema yatapita!

Jumapili, 9 Machi

Minyoo imetoka kwa wingi. Michafu, lakini nimefurahi kuiona. Watano wanakula na kupigana. Yule aliyetema naye ametoa.

Nimetaka kujua hali ya Kitumbo, simu ya daktari imezimwa. Ni Jumapili, ana haki. Kesho nitapanda mlima mwenyewe nikamchukue, nipite naye katikati ya soko nimembeba juu juu. Waone! Baba watoto anasema mwache kwanza apate nguvu. Chakula chake hajakigusa. Nimemwambia kula, nani kakufia?

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia chumba cha nyuma cha bucha.

Bwana afya amekuja asubuhi, na nyuma yake mtaa mzima. Kakagua mzani, kakagua friji, kanusa mpaka matambara. Safi. Akasema bado hao mbwa. Nikasema ngoja! Nikakimbia nyumbani, nikarudi na watano ndani ya kreti, nikawamwaga pale mbele ya miguu yake. Hao hapo! Wazima! Watu wakaanza kucheka kidogo, ile ya kulegea. Mwalimu naye alikuwepo.

Bwana afya akawahesabu kwa kidole. Akauliza wa sita.

Nilikuwa nalisubiri swali hilo kwa hamu! Nikasema kwa sauti yangu yote, wa sita yuko kwa daktari wa mifugo, amelazwa, na nampigia sasa hivi mjisikilizie. Nikaweka spika. Nikainua simu juu.

"Mama, mimi sijamwona mbwa wako hata mmoja, Alhamisi ulikuja peke yako."

Nikasema huyu mdogo, mwenye tumbo, aliyeletwa na mume wangu Ijumaa. Akasema hajaletwa. Akasema pole, huenda kuna mtu kakudanganya. Na mtaa mzima unasikia!

Nikamgeukia baba watoto. Hakujaribu hata kukana. Ile chupa ya ng'ombe hakuirudisha, ilikuwa chini ya kaunta. Alipompima Kitumbo aliona tumbo lake linawazidi wenzake wote, akasema huyu dawa ya kitoto haitamfaa, huyu anataka yenye nguvu. Akampa. Kabla hajamaliza kuusugua mzani, Kitumbo alikuwa ameshakufa. Akamfunga kwenye mfuko, akamzika uani nyuma ya bucha, akaja kunitazama usoni.

Kwa nini hukuniambia? Nilimuuliza hivyo mbele ya watu, sikujali. Akasema, "Ningeanzia wapi, mama watoto, na unavyofoka?"

Bwana afya anatisha watu, anaweza kutufungia mlango, anaweza kumpeleka mahakamani. Na mume wangu alikuwa radhi kukutana naye kuliko kukutana na mdomo wangu.

Amri imetoka: afukuliwe. Akionekana mzima, na ngozi yake na miguu yake minne, watu wataambiwa waende zao na bucha itaendelea. Asipoonekana, inafungwa leo. Basi nimekaa hapa naomba maiti ya Kitumbo iwe nzima. Ndiyo dua niliyobakiwa nayo!

Jembe nalisikia. Watu wamepanda ukutani. Alisema ni karibu na pipa la mifupa. Wamechimba hapo mpaka magotini, hakuna kitu. Mvua ya juzi imelainisha uwanja wote, hapajulikani palipochimbwa na pasipochimbwa. Sasa wako upande wa pili, shimo jingine. Bwana afya anaangalia saa. Nalo tupu.

Baba watoto amesimama katikati na jembe lake, jasho linamtiririka. Anageuka huku na huku. Sasa anaangalia dirishani kwangu, ananionyesha ardhi kwa kidole: hapa? Au pale?

Ananiuliza mimi! Mimi ambaye mpaka leo asubuhi nimemtengea Kitumbo sahani yake ya uji!