Dole Lililo Mbele ya Jina la Walburga

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Joakim amekuja na mnunuzi wa shamba la kahawa la marehemu kaka yake, Bernadi. Wamelipima kwa kamba. Walburga, mjane, alikuwa akichuma upande wa chini. Hakuambiwa kitu! Alisimama tu na kikapu chake.

Nilitazama kutoka barazani. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kikao cha ukoo: wote wameafiki Joakim awe msimamizi wa mirathi. Wote — na Walburga siku ile alikuwa Lituhi, kwa binti yake aliyejifungua.

Jumatano, 6 Agosti
Niandike wazi, humu hasomi mtu. Walburga hakusoma, saini yake ni dole gumba. Na dole lililo mbele ya jina lake ni langu.

Joakim alisema mahakama inataka saini ya kila mwanaukoo, na shemeji hajulikani atarudi lini. "Mwalimu, dole ni dole tu, halina shule!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikabonyeza. Miaka thelathini nawaandikia watu wa kijiji hiki cha Mapera barua zao. Niliona ni kusaidia.

Kusaidia! Nilifundisha Uraia. Kughushi si kuiga saini peke yake: ni kutengeneza hati ya uongo ili mtu aiamini. Kifungo chake miaka saba. Anayeitumia akijua ni ya uongo, naye hivyo hivyo. Niliwasahihishia wanafunzi jibu hilo kwa wino mwekundu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwambia Joakim tukaifute ile karatasi. Akajibu kwa adabu zote: sawa, Mwalimu, lakini polisi watauliza dole ni la nani.

Jumapili, 10 Agosti
Walburga amekuja baada ya misa, na nakala ya ule muhtasari kutoka mahakamani.

"Shikamoo, Mwalimu. Niandikie malalamiko. Joakim kaniibia dole! Tazama, hili lina kovu katikati. Langu halina."

Kovu la kisu cha kupogolea, mwaka 1979. Nimekunja ngumi.

Sasa yuko jikoni na mke wangu, Lidia, anakunywa uji. Nimesingizia natafuta karatasi. Barua nimeshaiandika hadi "aliyeghushi ni" — nikaacha nafasi. Yeye anataka niandike Joakim.

Halafu aweke dole. Na hapa kijijini mimi ndiye huwashika watu mkono: dole langu juu ya dole lao, wino usitapakae.

Anaita. Mwalimu, wino upo?

Upo.