Kisiwa Kilichomkosa Nyanjige

Somanda, Bariadi
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Mhoja,

Mwangaluka, kaka, na shikamoo juu yake, maana najua salamu moja haikutoshi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Debora na wote wa hapo Bukundi, na kwamba lile goti lako limepata nafuu tangu mvua zipungue. Nasikia ng'ombe wamenenepa mwaka huu. Sisi huku hatujambo. Pamba imeota vizuri, mke wangu Wilhelmina yuko na kwaya yake, na mimi bado nagombana na watu magazetini na redioni kama kawaida yangu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu unanikata kauli, nami nakukata kauli, na mara ya mwisho ulikata simu yenyewe. Jirani yangu Dastan anakuja huko mnadani kununua ng'ombe. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi, umpe Debora akusomee polepole, na usibishe mpaka amalize.

Najua kijana wetu Fabian amekwisha kukupigia, lakini acha niseme mwenyewe, maana nafurahi kila ninapolitamka: Nyanjige ni mzima. Binti yangu, ambaye ni wako pia, hana hata mkwaruzo. Jana nimeongea naye mpaka sikio likapata moto, na amenisimulia yote.

Uliniuliza ni kisiwa gani hicho kinachokatika kama mkate. Ngazija, kaka, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, si nchi kama hii yetu. Majabali haya ya Usukuma yamekaa hapa tangu kabla hajapatikana mnyama wa kuyapanda. Ngazija ni nchi changa. Moto ulipanda kutoka chini ya bahari, ukarundika mlima, na mlima huo bado unapumua. Ukitapika sana, uji wa mawe unateremka mpaka baharini, unakutana na maji, unapasuka, unaganda, na pwani inasogea mbele. Mtu akifika anaona uwanja mweusi, mpana, mgumu kama barabara. Lakini chini yake kuna vifusi na mapango, na mawimbi hayaachi kuvila. Siku moja ukingo wote unashuka. Na si ukingo tu. Mlima wenyewe ni mzito mno, unaibonyeza sakafu ya bahari, na kisiwa kinadidimia taratibu. Nyanjige anasema ukitaka kuona uzee wa Ngazija, katazame Maore, kisiwa kikubwa kwa umri kati ya visiwa ndugu vya Ngazija. Mlima wake umekwisha kushuka, matumbawe yamejenga ukuta kuuzunguka, na katikati pamebaki maji mapana yaliyotulia. Wewe husema Mungu alimaliza kazi siku ya sita. Mimi nasema kule bado yuko kazini, na Nyanjige na wanafunzi wenzake wa chuo walipiga mahema yao juu ya zege bichi.

Kiongozi wao, mhadhiri aitwaye Thomasi, ndiye aliyechagua mahali pale, kwa kuwa vifaa vyao vya kuupima mlima vilikuwa karibu. Nyanjige aliona ufa uliokuwa umefunguka zaidi kuliko siku waliyofika. Tena alisema kila wimbi likigonga, alilisikia kwenye nyayo. Akamwambia mhadhiri wahame. Mhadhiri akamjibu kwamba yeye alianza kusoma nyufa Nyanjige akiwa bado ananyonya. Nyanjige akamwambia basi ufa huu hajausoma. Ndiyo, kaka, alimjibu hivyo mtu mzima, na usinitazame mimi. Wenzake walicheka, wakamwita mama mchungaji, wakamuuliza kama amepata maono.

Hakubishana zaidi. Zamu ya kupika ilikuwa yake. Alibeba hema lake, akabeba sufuria, mchele na jiko, akapanda mlimani hadi kwenye shamba la vanila la mzee mmoja, akawasha moto huko. Njaa ilipouma, walimfuata mmoja mmoja, mhadhiri akiwa wa mwisho, wakinung'unika kwamba mpishi wa Kisukuma ni dikteta. Walikuwa wanakula pale ukingo ulipoondoka. Anasema haukutoa kishindo kikubwa. Ulishuka tu, na mahali palipokuwa na mahema pakawa na bahari. Simu zao zote zilikuwa chini zikichajiwa kwenye jenereta. Nazo zikaenda.

Nilitaka kujivuna kwamba mdomo aliourithi kwangu ndio uliowaokoa. Kumbe ni wali.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulichopata ni video ya mtu aliyekuwa kwenye boti, ambayo Fabian aliirusha kwenye kundi la ukoo: mwamba unashuka, na kipande cha hema la bluu kinaelea. Chini yake mtu ameandika kwamba wanafunzi wa Tanzania hawajulikani walipo. Kaka, nimesoma vitabu maisha yangu yote, lakini sikuwahi kusoma sentensi ndefu kama ile.

Kesho yake ukanipigia. Ulisema mlima wa watu haupimwi bila kuwaomba wenyewe, na kwamba nichukue kuku niende kwa mfumu, mganga wa ramli, kuku apasuliwe na kusomwa, tujue mtoto yuko upande gani, wa wazima au wa wafu. Nami nikakujibu vile nilivyokujibu. Nilisema kuku ana ubongo mdogo kuliko punje ya dengu, na kwamba anayemuuliza habari za bahari hana hata hiyo punje. Ulikata simu, na ulikuwa na haki ya kuikata. Unisamehe kwa hilo.

Lakini kuhusu lile la pili ulilomwagiza Fabian, kwamba binti arudi nyumbani na atafutiwe kazi benki hapa Bariadi, sikubali hata mkiitisha kikao cha ukoo mzima. Mnataka asijifunze pwani kwa sababu pwani zinaanguka. Na nani atawaambia watu wa Ngazija wasijenge pale, benki? Atakuja Juni, atakaa kwenu wiki nzima, na mumuulize yeye mwenyewe. Kisha atarudi masomoni kwake.

Sasa, kaka, kuna jambo ambalo naomba Debora alisome kwa sauti ya chini.

Siku uliponikatia simu nilikaa uani nikashindwa kutulia. Nikamkamata yule mtetea mweupe, nikamtia kwenye mfuko, nikapanda bodaboda mpaka Shishiyu, mbali, ambako hakuna anijuaye. Huko yuko mfumu aitwaye Mayige. Nilimwambia jina la uongo. Akanisikiliza kidogo, akasema sauti hii anaifahamu, ndiyo ile ya redioni inayowaita wafumu matapeli, na kwamba yeye husikiliza kila Jumamosi kwa sababu nachekesha. Akaniuliza kama leo nimekuja kwenye mdahalo. Nikasema nimekuja na kuku. Akaniamuru nimtemee kuku mate mdomoni kama inavyotakiwa, nikatema. Kisha akaniuliza habari za mtoto. Niliposema kisiwa, akashusha kisu.

Akasema, wewe bwana, mbona nyumba yako mnataka kumaliza banda zima la kuku? Jana alikuja mama mmoja na jogoo mwekundu, mtoto huyohuyo, kisiwa hichohicho. Aliniomba nisimwambie mume wake, maana ana mdomo. Nikamwambia mtoto yuko pakavu.

Papo hapo simu yangu iliita. Namba ya kigeni, na sauti ya Nyanjige ikiniuliza kwa nini nahema. Nililia mbele ya tapeli, kaka. Yeye akanirudishia mtetea mzima, akasema bila aibu yoyote kwamba kuku wake hujibu hata kabla ya kupasuliwa.

Usinielewe vibaya. Siamini. Mayige alibahatisha, na Jumamosi nitasema hivyohivyo redioni, naye atasikiliza na kucheka. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo, Wilhelmina alilala fofofo mpaka asubuhi, nami nilikaa kando ya kitanda nikimchukia, nikijiuliza ni mama wa namna gani huyu. Kumbe alikuwa ametoka Shishiyu. Nimeandika makala nyingi dhidi ya watu wale, na hoja zangu zote bado zimesimama. Usingizi ule tu ndio sijui niuweke aya gani.

Hajui kwamba najua. Ameniambia jogoo aliibiwa na paka pori, nami nimempa pole.

Msalimie shemeji Debora, na umshukuru kwa kusoma. Wasalimie Esteria na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia kwa wema, hata wale wanaoniulizia kwa ubaya. Goti lako lipake mafuta, usibishane nalo.

Ni mimi mdogo wako, mwenye furaha kuliko nilivyostahili,

Josia