Photo ya kilio kwa Maman Furaha

Tonton Flash wangu,

Bon, nakuandikia mu kiswahili, lugha yenye haukujua. Mu français ningechagua maneno, ningejificha nyuma yao. Huku sina pa kujificha.

Tangu ulikufa, mu appartement yako ya Evere, huku kwa Bazungu, baliingia bantu wengine, banaanika nguo za batoto ku balcon. Miye ningali Anderlecht, ningali napanda métro ileile. Naangalia nyuso, natafuta lumière, ile mwangaza yako, kisha nakumbuka, naweka macho chini.

Unakumbuka namna tulijuana? Ulipiga photo na flash mu uso ya papa moja mu métro, karibu kabisa kama daktari wa meno. Akafoka: «Eh, mon vieux, ça va pas la tête?», muzee, uko mwehu? Ukainama, ukasema pardon, kisha… ukapiga tena! Nilicheka mpaka nikashuka station yako badala ya yangu. Nilikuwa nimejifunza photo peke yangu, na téléphone yenye kioo ilipasuka, na nilijiona nimefika. Ukaangalia photo zangu zote, moja moja, ukasema: «Zote ni nzuri. Hakuna hata moja yenye inaniuma.» Nilikuchukia siku mbili. Siku ya tatu nikakuya kugonga mulango yako.

Kwenu Japon balikuita muntu bila haya. Ulinionesha ile livre yako: baba yako ku kitanda ya hôpital, siku kwa siku, mpaka siku ya mwisho, kinywa wazi. Ndugu zako baliacha kusema na weye, na duka za vitabu zikaiondosha. Nilikuuliza kama baba alikubali. Ulisema: «Alinishika ile mukono yenye ilikuwa na appareil ya photo.» Nikaona ni jibu kubwa, nikaiandika mu cahier. Leo sijuwe kama ilikuwa jibu.

Alors, ile dimanche, ile siku ya misa.

Kaka ya Maman Furaha, maman wa kwetu, alikuwa amekufia Bukavu, na yeye hakupata namna ya kwenda kuzika. Donc kilio, matanga, ikafanyika huku, kwake, ku ghorofa ya tatu: magodoro chini, bamaman banaimba, sombe ya muhogo na wali ku cuisine. Miye njo nilikuleta. Tonton, nilikuwa na kiburi! Banauliza: «Huyu Muchina ni wa nani?» Nami: «Ni Mujapani! Ni mwalimu wangu, heshima kidogo!»

Kisha ukaniambia nimuombe ruhusa. Weye! Weye mwenye haukuombaka muntu! Siku moja unaomba, na unaomba kupitia kwangu.

Maman Furaha akafuta macho, akasema: «Apige, mwanangu. Apige vizuri, atupatie, nitume nyumbani baone nami nilimulilia kaka yangu.» Kwetu kila muntu anajua: mwenye kupiga photo ku kilio anapigia famille. Zinaingia mu album, zinasafiri kwa wale hawakuweza kufika. Nilijua ile. Nilijua pia weye unapigia ukuta ya galerie, kwenye bantu bageni banakuya kuangalia. Maneno ya kutafsiri hayakuwa mengi. Lakini lumière ilikuwa inaingia vizuri ku dirisha, nilikuwa na haraka, niliogopa itapotea, na niliogopa pia ukisikia yote utarudisha appareil mu sac. Nikakuambia tu: «Elle dit oui», anasema ndiyo.

Elle dit oui. Maneno tatu. Bongo yangu inayarudilia kila siku.

Na ukuta ikakuya, mu galerie ya Forest. Maman Furaha mukubwa kupita mulango, kitambaa imeanguka, kinywa wazi. Ni photo nzuri kushinda zote, nasema hata leo, na nasikia haya kuisema. Lakini njo ile peke yake ilifika Bukavu, mu matéléphone, na bantu kule banasema: «Muone, anaonesha Bazungu kifo ya kaka yake.» Batoto ba kaka yake bakaacha kumujibu. Kisha vijana ba kwetu bakaingia galerie, banakutukana, na weye ukanigeukia: «Elle avait dit oui, non?» Alisema ndiyo, si vile?

Nikaangalia viatu vyangu. Nikasema mbele ya bote: «Miye sikujua kitu.»

Haukusikia kiswahili. Lakini uso yangu uliielewa, kusoma nyuso ilikuwa kazi yako. Ukapanda ku ngazi weye mwenyewe, na yale magoti yako mabaya, ukashusha photo. Haukunitaja. Nami sikukuya tena Evere. Nilijisemea wiki kesho, wiki kesho… Moyo yako ikasimama, na nilipata habari wakati majivu yako ilikuwa imesharudi Japon.

Nakukasirikia kidogo pia, tonton. Haukuuliza hata jina yake.

Binti yako aliniachia carton ya négatifs, zile filme zako. Nikaweka za ile dimanche mbele ya dirisha, zote thelathini na sita. Na nikaona: bamaman banamushika Maman Furaha mabega. Papa mwenye anaomba, macho imefungwa. Batoto banakula sombe chini ya meza. Kila muntu mwenye alikuya kumufariji, na uso yake. Album yote ya kilio, tonton! Ulikuwa nayo! Ungemupatia wiki ileile, kama ningekuambia.

Nimezitosha ku karatasi mwenyewe, mu giza ya bafu yangu. Nimeharibu nne, unisamehe. Zingine ziko sawa, nyeusi ni nyeusi kweli, vile ulipendaka.

Bon. Nakuahidi: dimanche, kisha misa, napanda kwa Maman Furaha, na sishuki mbele ya kusema nani alikata maneno yake. Kwenda salama, tonton. Sikukuaga ukiwa muzima, pokea ile ya leo.

Lakini kitu moja inanishinda. Nikimupatia photo kwanza, atalia, atanikumbatia, ataniita mwanangu, na najijua, nitanyamaza tena. Nikianza na ukweli, labda atafunga mulango, na kule Bukavu hawataona kitu. Weye, tonton, ungeanza na nini?