Nimemfuta Doto

Jumanne, Ushirombo. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua imegoma. Nimerudi nyumbani mapema, nimezima simu, nimekaa na aibu yangu.

Kwenye kompyuta ya mapokezi ya zahanati moja hapa mjini ninaendesha kanzidata mbili kwa pamoja: moja ya wagonjwa wa kweli, nyingine ya majaribio. Mashine ni moja, ila kila kanzidata inajitegemea na ina jina lake. Nilipoziweka nilijiona mjanja, nikaziita Kulwa na Doto, kama mapacha wa kwetu. Mama Minza wa mapokezi alicheka mpaka akashika mbavu. "Hongera, baba wa mapacha!"

Ya majaribio ndiyo niliyoianza, kwa hiyo ndiyo Kulwa. Pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa. Msukuma gani asiyejua hilo?

Mimi, leo.

Nilitaka kusafisha ya majaribio. Nikajiambia Kulwa ndiye mkubwa, basi ndiye wa kweli. Nikamfuta Doto bila hata kuchungulia ndani.

Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki iliyopita. Kilichoingizwa baada ya hapo kimepotea chote, pamoja na majibu ya vipimo vya wajawazito waliokuja jana. Itabidi warudi kutobolewa vidole upya.

Mganga mfawidhi akauliza kulikoni. Nikasema, "Labda mashine ilizimwa vibaya."

Sikutaja jina. Lakini anayeizima kila jioni ni Mama Minza peke yake, na wote wanajua.

Akaambiwa mbele ya wagonjwa asiiguse tena, kuanzia kesho arudi kwenye usafi alikoanzia. Kompyuta nilimfundisha mimi mwenyewe, na alikuwa anajivunia kile kiti kuliko kitu chochote. Wakati anasemwa nilikuwa nimeinama chini ya meza, najifanya nakagua nyaya. Mwoga mkubwa mimi.

Nikiwa nawasha pikipiki akanifuata nje. Mtu wa rika la mama yangu, ninayempa shikamoo kila asubuhi.

"Nisamehe, ng'wanawane," akasema kwa Kisukuma chake cha kumwita mtu mwanangu. "Nimekuharibia kazi yako."

Nikamwambia yameisha, nimemsamehe.

Nimemsamehe!

Mganga nitamwambia ukweli kesho asubuhi, hilo nimeshaliamua, na akitaka kunifukuza anifukuze. Ila Mama Minza nitamwomba msamaha kwa mdomo gani, ikiwa ni huu huu uliopokea wa kwake?