Dakika Kumi Bila Kuinua Kalamu

Kindu, 5 Machi 1974

Yaya,

Mkubwa wa gazeti aliniandikia jana: nisipotuma hata habari moja kabla ya tarehe 30 Aprili, nafasi yangu hapa Kindu atapewa mwandishi mwingine. Nimetanguliza hilo kwa kuwa ndilo jipya. Sasa salamu. Mimi mzima. Wewe je, dada yangu mkubwa, na wanafunzi wako wa Tunda? Goti la shemeji?

Miezi mitatu sijamaliza habari hata moja. Nikiandika mstari, najiuliza nani atausoma na kwa nia gani. Naufuta.

Mdogo wako, Onema

Tunda, 10 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Goti la shemeji yako linapona. Mdomo wake haujawahi kuugua.

Fanya ninavyowafanyisha watoto wa darasa la sita wanaoogopa insha. Kila alfajiri, dakika kumi, andika lolote bila kuinua kalamu. Usifute. Usisome ulichoandika. Ukimaliza, litupe daftari pembeni mpaka kesho.

Tena, bahasha zangu huzifunga kwa bugali, ugali wa nyumbani, badala ya gundi. Tazama hii imefikaje.

Yaya wako

Kindu, 26 Machi

Yaya,

Daftari limeibiwa. Pole na kazi, na asante kwa shauri. Bahasha yako ilifika na bugali, na juu ya bugali gundi ya dukani: kuna aliyeifungua njiani.

Siku kumi na mbili niliandika barazani, na mkono ukaanza kulegea. Ila ua wetu mzima ulinyamaza. Wapangaji wanadhani naandika majina yao. Katibu wa chama mtaani kwetu, jina lake Waziri, alisimama mlangoni na "citoyen" yake, yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana.

"Citoyen Onema, unaandikia nani kila asubuhi?"

"Simwandikii mtu."

"Basi ile wino inakwenda wapi?"

Juzi daftari halikuwepo nilipolitupa, juu ya magazeti ya zamani. Siku hiyo Waziri alipita mara mbili. Namshuku yeye.

Mdogo wako

Tunda, 31 Machi

Mdogo wangu,

Kwetu wazima. Shemeji yako amerudi kwa treni na karanga alizonunua kituoni Kindu. Karatasi iliyozifunga ina mwandiko wako. Anasema aliuziwa na mama mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, mwenye kilemba cha kijani, anayevuka mto kila siku.

Magazeti yako ya zamani unampa nani?

Karatasi nimeichoma. Sikusoma yote. Nilisoma ya kutosha.

Yaya wako

Kindu, Alhamisi 4 Aprili

Yaya,

Waziri alisema jana saa kumi jioni, mbele ya nyumba yangu, kwamba ana ukurasa mmoja wa daftari. Naye alinunua karanga. Afya yangu nzuri. Natumaini na yenu.

Mwenye karanga ni Mama Mwavita, mwenye nyumba wangu. Rundo lile la magazeti ni lake, namwekea afungie karanga, nami kila alfajiri nilitupa daftari juu yake. Hajui kusoma. "Nilizani njo ya kufungia," aliniambia. "Karatasi yake iko nguvu, haipasuke." Ameuza kurasa zote.

Waziri alinisomea: "Waziri ananiogopa kuliko ninavyomwogopa." Chini mkono wangu ulitia sahihi ya Henri, jina langu la ubatizo; majina hayo serikali ilituamuru tuyaache. Aliikunja karatasi, akauliza kwa sauti ndogo: "Nani alikuambia naogopa?"

Kisha akapandisha sauti, wapangaji wote wasikie: "Jumatatu ulete daftari zima. Bila daftari, barua yangu kwa mkubwa wako wa gazeti iko tayari."

Nimenunua daftari la rangi ileile, kurasa sitini, nimpelekee kama ndilo lile. Nimechana karatasi moja katikati ili ile yake ipate pahali. Naandika mvua, kivuko, bei ya chumvi, mikutano ya chama. Kila neno nalipima kwanza, na bado kalamu inakwenda.

Barua hii nimempa mtu wa treni mkononi. Ukiisoma, ichome.

Niko ukurasa wa ishirini na mbili. Jumatatu tarehe 8, saa tatu asubuhi, ofisini kwa Waziri.

Mdogo wako