Diode ya Radio Iliyokufa

Jumatatu, 6 Juni
Toka Kongolo mpaka Mpala hakuna umeme usioniogopa. Nikitaka, nawasha ziwa lote. Leo nimefufua tena otomati, kile kisanduku kinachoamuru mashine ya kukunja vitambaa hapa kiwandani. Mara ya tatu. Ugonjwa nimeujua: tukizima mota, bobini, ule waya uliozungushwa ndani ya swichi yake kubwa, inarudisha umeme kwa kishindo, unachoma kisanduku. Dawa ni diode moja, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, juu ya bobini, kishindo kinafia humo. Nimeitoa kwenye radio iliyokufa. Miye! Na masomo niliacha mwaka wa tatu.

Jumatano, 8 Juni
Sitwayen Mulongo, shefu wetu, amemwambia mukubwa wa kiwanda kwamba diode njo akili yake. Abakosti yake, lile koti la wakubwa, imepigwa pasi mpaka inakata. Nikafungua kinywa. Akasema mbele ya wamama wote: "Nyamaza, fundi wa radio. Beba ngazi."
Wakacheka. Hata Mama Feza wa mashine ya kukunja, ye njo ananipaga muhogo kila saa sita.
Namuchukia Mulongo. Atalipa.

Ijumaa, 10 Juni
Kesho wageni toka Lubumbashi. Mulongo atawaonyesha "akili yake". Saa ya mapumziko nimeichomoa diode. Iko mufukoni. Kisanduku kiungue mbele yao, tuone atakifufuaje. Nimepiga mluzi mpaka nyumbani.

Jumamosi, 11 Juni
Akawasha, akazima. Akawasha, akazima. "Munaona, wasitwayen?" Mara ya tano kikaungua. Lakini kiliungua kikiwa kimeshika swichi ya mota, hakiachii. Mota ikakataa kuzimika. Mulongo anabonyeza, anabonyeza. Jasho.
Nikapaza sauti: "Papa Shefu, uite fundi wa radio!"
Kicheko kiwanda kizima.
Halafu rola ya mashine ikakamata kikwembe alichojifunga Mama Feza. Mulongo akaruka, akamusukuma nje. Ukaingia mukono wake yeye.

Jumatatu, 13 Juni
Mama Feza muzima. Mulongo yuko hospitali, vidole viwili hana. Nimekwenda. Sijui kwa nini.
"Petit, mudogo wangu," akasema, "diode yako haina kosa. Miye njo nilizidisha kuwasha na kuzima."
Diode yako. Kaisema mwenyewe. Nikajibu, "Pole, Papa."

Jumatano, 15 Juni
Nimekifufua kisanduku, nimeirudisha diode. Mashine inazimika vizuri. Hakuna aliyeniuliza kitu.
Siku ile disjonkta, swichi ya kukata umeme wa kiwanda chote, ilikuwa nyuma ya bega langu. Kunyoosha mukono tu, mota ingekufa. Nilikuwa na wakati. Sikuikata. Nilikuwa bado nacheka.