Bati Jeusi la Sepuka

Shikamoo, Mama.

Marahaba sitaisikia, najua, lakini nikianza bila kukuamkia utanung'unika huko huko uliko. Nina habari. Tumeshinda, Mama!

Uliondoka kabla mambo hayajachacha. Matanga hayajapoa, kampuni moja ya mjini ikawaandikia wanawake wa kikundi chako pale Sepuka waache kupasha alizeti joto juani juu ya bati jeusi kabla ya kukamua. Eti njia hiyo wameigundua wao, wamepewa hataza, na mwingine asiitumie bila ruhusa yao. Nilicheka. Halafu nikalia, maana kinu chenu kingekufa. Bila bati, mafuta yanabaki kwenye mashudu. Si ulikuwa ukisema, "Mbegu baridi ina uchoyo"?

Unakumbuka ulivyonitania kwamba nalipwa kusoma karatasi zilizokwisha kusomwa? Ndiyo kazi hiyo hiyo. Kamati yetu hukagua hataza zilizokwisha kutolewa, ione kama kilichomo ni kipya kweli. Hii ilipofika mezani niliomba nitoke. Nitakuwaje hakimu wa bati la mama yangu? Nikaenda kukaa na mashahidi.

Kumbe aliyeipitisha alitafuta kwenye kumbukumbu za Ulaya na Amerika, hakuona kitu, akagonga muhuri. Huku kwetu Singida hakuuliza mtu.

Siku ya shauri tulikwenda na shoga yako Mama Neema, bibi Halima wa Mgori, na bati lako lenyewe. Nikasimama kwa maringo kusema mgunduzi ni mama yangu, kama ulivyotuambia miaka yote. Mama Neema akanirukia: "Thubutu! Mama yako nilimfundisha mimi!" Bibi Halima akasema wote waongo, yeye alilikuta bati kwa mama mkwe wake. Wakabishana mbele ya wakubwa mpaka mwenyekiti akashindwa kuzuia kicheko. Kitu kinachogombewa na vijiji viwili tangu enzi za mama wakwe kitakuwaje kipya? Hataza ikafutwa.

Kwa hiyo ulitudanganya, Mama! Lakini ngoja. Baba mdogo alikuwa akikukemea ukimwita kila mpita njia aweke kiganja kwenye mbegu, aone joto lake. Alisema unawafundisha washindani wako. Ukamjibu, "Kwani jua nimelinunua mimi?" Ungeficha, leo tusingepata shahidi hata mmoja. Ah, Mama. Laiti ungekuwapo.

Kamati ilipendekeza, na imekubaliwa, kwamba ombi lolote la hataza ya kilimo au chakula litangazwe kwanza mikoani, kwa Kiswahili, mwenye pingamizi aseme. Wenzangu wanaiita kanuni ya bati. Nikiwasikia, kifua kinanijaa.

Walitaka bati libaki ofisini litundikwe ukutani. Nikakataa, nikalirudisha. Naondoka Sepuka nimeliacha limejaa alizeti, mgeni kutoka Mitundu ameweka kiganja, na Mama Neema anamwambia kwamba mgunduzi ni yeye. Sikumbishia.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi, mbele yangu haitapita hataza ya shamba bila wenye mashamba kuulizwa. Ila nyumbani, wajukuu zako nitawaambia mgunduzi ni wewe.

Mwanao,
Sifa